Mama ana baridi yabisi, sasa jicho jekundu na maumivu ya usiku mpaka taya. Wenye kujua njooni

Nyar Kibuye
Wadau, habari za jioni. Mama yangu ana miaka 58, anauza omena (dagaa) hapa Kibuye, Kisumu. Baridi yabisi anayo miaka mingi. Vidole vimepinda, na asubuhi hawezi kufunga leso mwenyewe mpaka jua lipande. Sasa jicho la kushoto limekuwa jekundu. Duka la dawa walimpa matone ya antibayotiki, wakasema ni macho mekundu ya kuambukizana kama yale yaliyosumbua Pwani mwanzoni mwa 2024. Hayajasaidia kitu.

Kinachonitisha ni maumivu. Mchana yanavumilika, lakini saa nane za usiku anaamka analia, ameshika kichwa upande ule, anasema yanashuka mpaka taya. Alikwenda kung'oa jino akidhani ni jino. Daktari wa meno akamwambia mama, meno yako hayana tatizo. Tongotongo hana, usaha hakuna, ni machozi tu, na mwanga anaukimbia. Huu ugonjwa wa viungo unaingia mpaka machoni? Tuanzie wapi?

Ja Kondele
Pole sana nyar wa. Kwetu Seme kuna mama anakamua majani fulani, matone mawili tu kila jicho, yath nyaluo, dawa ya kienyeji safi. Shangazi yangu alipona.

Omwana wa Vihiga
@Ja Kondele hapana ndugu. Majani chemsha unywe ukipenda, tumbo litajua la kufanya. Jichoni hapana. Kwetu Hamisi kuna mzee anatembezwa na mjukuu kwa sababu ya matone kama hayo.

Taa ya Jicho
Nyar Kibuye, pole kwa Mama. Mimi ni afisa kliniki wa macho, nafanya kazi hukuhuku magharibi. Jicho halipimwi kwa simu, lakini kwa ulivyoeleza, kesho asubuhi Mama aonwe na mtu mwenye ile mashine ya kuegemeza kidevu na kumulikwa kwa taa nyembamba. Kisumu mna Jaramogi, ambayo wengi bado tunaiita Russia. Ukipanda kidogo kwenda Vihiga kuna hospitali ya macho ya Sabatia. Usisubiri siku ya kliniki yake ya viungo.

Swali lako: ndiyo, unaingia. Baridi yabisi huanzia kwenye kinga ya mwili, askari wa kulinda boma wanapogeuka na kuwapiga wenye boma. Viungo ndivyo vinavyoonekana kwanza, lakini ganda jeupe la jicho, tunaloliita sklera, limefumwa kwa kolajeni, na mishipa yake midogo ya damu inashambuliwa vilevile. Ndiyo maana mtu ambaye vidole vyake vimetulia miaka anaweza kuletewa vita kwenye jicho.

Sasa, si kila wekundu ni msiba. Wekundu wa juujuu, episkleraitisi, unakera tu na mara nyingi unaondoka wenyewe. Wa ndani ndio skleraitisi, na dalili zake ni hizohizo ulizoandika bila kujua: maumivu ya kutoboa, yanayomwamsha mtu alfajiri, yanayokwenda kwenye paji la uso, shavu, taya. Ukigusa jicho kwa kidole juu ya kope lililofumbwa, anaruka. Wengi huzunguka kwa daktari wa meno na wa kipandauso kabla ya kufika kwetu.

Kuna kipimo kidogo utakiona kesho. Watamweka Mama dirishani, kwenye mwanga wa jua, kwa sababu taa za umeme zinaficha rangi. Wekundu wa macho ya kuambukizana ni wa nyama mbichi. Wa skleraitisi una zambarau ndani yake, kama damu iliyovilia chini ya ukucha. Kisha watadondosha fenilefrini na kusubiri kama dakika kumi au kumi na tano. Mishipa ya juu inanywea, jicho jekundu la juujuu linakuwa jeupe. La skleraitisi linabaki vilevile.

Usiku wa leo nitazamie mambo mawili. Katikati ya wekundu, je, kuna kibaka cheupe kisicho na mshipa hata mmoja? Na pembeni ya mboni, pale weusi unapokutana na weupe, kuna mahali pamefanya ukungu au panaonekana pamebonyea? Ukiona kimojawapo, usisubiri kesho asubuhi.

Nyar Kibuye
Asante sana daktari. Nimemulika kwa simu. Kibaka cheupe sioni. Rangi ni hiyo ya zambarau kabisa, upande wa juu, lazima aangalie chini ndiyo uione. Tunaondoka na gari la kwanza.

Taa ya Jicho
Beba dawa zote anazomeza, hata zile za bahasha ya kaki zisizo na jina. Hasa hizo.

Dawa Kaunta
Niko nyuma ya kaunta ya duka la dawa Nakuru, nisemee upande wetu kidogo. Mtu akija na jicho jekundu, kuna matone yanayouzwa kama njugu, mchanganyiko wa antibayotiki na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, dawa ya kuzima uvimbe. Jicho linakuwa jeupe siku ya pili na mteja anakushukuru. Kumbe steroidi imezima king'ora na moto bado unawaka. Kama kilichomo ni vairasi ya hepesi au kuvu, na huku kwetu watu wanapigwa jichoni na majani ya mahindi kila msimu, hiyo steroidi inailisha. Na wengine wanarudi kununua chupa ileile mwaka mzima, mpaka presha ya jicho inapanda kimyakimya na mtoto wa jicho anaingia kabla ya umri. Nimekataa kuuza mara nyingi. Wanavuka barabara wanauziwa mlango wa pili.

Mkulima Njoro
@Dawa Kaunta na zile sindano za viungo wanazochomwa wazee siku ya soko, unazisemaje?

Dawa Kaunta
Steroidi na diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa bomba moja, mara nyingi. Mzee anacheza rumba jioni ile. Sukari na presha zinamfuata polepole, na baridi yabisi inaendelea kula viungo kwa sababu hakuna kilichoizuia.

Nyar Kibuye
Wadau tumerudi. Ni skleraitisi kama Taa alivyosema. Walisema bado haijafika hatua ya kuoza, konea, kile kioo cha mbele ya jicho, ni nzima. Lakini nina maswali mengi kuliko niliyoenda nayo. Jicho linauma, wakampa vidonge vya tumbo na vya prednisoloni! Matone ni ya kulainisha tu. Halafu wakataka picha ya kifua, sukari, damu ya ini na figo, kipimo cha kaswende, HIV, homa ya ini. Mama anauliza, hao wanatibu jicho au wananitafutia magonjwa mengine?

Ja Kondele
Hospitali siku hizi ni vipimo tu, wapate pesa.

Taa ya Jicho
Nacheka, lakini swali la Mama ni zuri kuliko ya wanafunzi wangu.

Matone yanafika kwenye konea na ngozi laini ya juu. Skleraitisi iko chini ya hapo, na chanzo chake kiko kwenye damu. Dawa lazima ifuate njia ileile iliyopitia ugonjwa. Kwa skleraitisi nyepesi tunaweza kuanza na vidonge vya maumivu vya jamii ya ibuprofeni, kama figo na tumbo vinaruhusu. Ikiwa kali, ni prednisoloni, steroidi ya mdomo, kawaida hesabu ya miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kisha inashushwa taratibu. Ikianza kula ganda la jicho au ukingo wa konea, mgonjwa analazwa na kuwekewa methilprednisoloni kwa dripu, hadi gramu 1 kwa siku kwa siku tatu, na dawa kali zaidi ya kushusha kinga inaanza papo hapo. Vile vidonge vya tumbo ni vya kulinda tumbo lake dhidi ya prednisoloni.

Kuhusu vipimo: TB na kaswende zenyewe zinaweza kuleta skleraitisi inayofanana na hii. Ukimjaza steroidi mtu mwenye TB iliyolala, unaiamsha, na Kenya ilikuwa kwenye orodha ya WHO ya 2021 hadi 2025 ya nchi zenye mzigo mkubwa wa TB. Homa ya ini aina ya B nayo hufumuka kinga ikishushwa. Na sukari lazima ijulikane kabla, kwa sababu prednisoloni itaipandisha tu. Ningekuwa mimi na mtu ananipa prednisoloni ya kiwango hicho bila kuuliza lolote, ndipo ningeshuku.

Kuna jambo moja nataka ndugu zake walisikie, kwa sababu watu huliona hili kama tatizo la jicho basi. Mwaka 1984 daktari Foster na wenzake kule Marekani walichapisha habari za wagonjwa wa baridi yabisi waliopata skleraitisi ya kuoza au kidonda cha ukingo wa konea. Kati ya wale ambao hawakupewa dawa kali za kushusha kinga, kama nusu walikufa ndani ya miaka 10, na si kwa jicho: ni mishipa ya damu, moyo, ubongo. Waliopewa, vifo vilikuwa vichache mno. Tangu hapo, jicho linalooza kwa mtu wa baridi yabisi linasomwa kama taarifa ya hali ya mwili mzima. Mama hajafika huko. Lakini daktari wa viungo aambiwe wiki hii, si miadi ijayo, kwa sababu inaonekana dawa yake ya viungo haimtoshi. Anameza nini?

Nyar Kibuye
Hapo ndipo pana maneno. Alipewa methotreksati zamani, akaacha. Ilikuwa inamchafua moyo, siku nzima anatapika, na jirani akamwambia hiyo ni dawa ya kansa. Siku hizi anameza diklofenaki, na prednisoloni akizidiwa, ananunua mwenyewe.

Mkulima Njoro
Jirani hakukosea. Methotreksati NI dawa ya kansa. Dada yangu alipewa akaikataa.

Taa ya Jicho
Kweli ni ya kansa, kwa dozi ya kansa. Kwa baridi yabisi tunatumia miligramu 7.5 mpaka 25 kwa WIKI. Kwa WIKI, ndugu zangu. Anayeimeza kila siku akidhani ni kama Panadol anaweza kuharibu uboho na kufa, na si hadithi, imetokea nchi nyingi. Mchague siku moja, labda Jumapili baada ya kanisa, na jina la siku liandikwe kwa kalamu juu ya boksi. Aongezewe asidi ya foliki siku nyingine ya wiki. Inapunguza sana kile kichefuchefu na vidonda vya mdomo. Wengine huimeza usiku ili kichefuchefu kiwakute wamelala. Damu na ini vinapimwa mara kwa mara, pombe inawekwa kando, na mwanamke anayetaka mtoto anaiacha mapema kwa ushauri wa daktari kwa sababu inaharibu mimba.

Haifanyi kazi haraka. Inachukua wiki sita mpaka kumi na mbili kushika. Ndiyo maana anaanza na prednisoloni: ni daraja la kumvusha mpaka methotreksati isimame.

Shosh wa Bahati
Wajukuu, hamjambo. Nasoma polepole, macho yenyewe ndiyo haya. Mimi ni wa Bahati, Nakuru, baridi yabisi nimekaa nayo tangu wajukuu wangu hawajazaliwa. Yangu haikuuma hata kidogo. Binti yangu ndiye aliona, akinitia mafuta usoni, akasema mami mbona una doa la buluu kwenye weupe wa jicho. Nikaenda mahali nikaambiwa ni uzee. Nikakaa. Doa likakua likawa kama punje ya kunde. Ndipo mtu mwingine aliponitazama kwa ile mashine akanyamaza muda mrefu, akasema shosho, usiiname kuokota kitu, usikohoe kwa nguvu, usijikune hilo jicho, tunakupeleka Nairobi.

Taa ya Jicho
Shosh, asante kwa kuja. Wadau, someni hiyo mara mbili. Hiyo inaitwa skleromalasia. Ganda jeupe linayeyuka bila wekundu na bila maumivu, mpaka ile tabaka nyeusi ya ndani inang'aa nje kama buluu. Huwapata zaidi wanawake waliokaa na baridi yabisi miaka mingi. Mtu anasubiri maumivu ili aende hospitali, na maumivu hayaji kamwe. Pigo dogo tu, mlango, kiwiko cha mtoto kitandani, linaweza kupasua jicho. Shosh, walikufanyia nini?

Shosh wa Bahati
Kwanza hawakukata. Nilidhani watanipasua siku ile, kumbe walisema ukishona kiraka juu ya kitambaa kinachooza, nacho kitaoza. Walinipa dawa za kutuliza mwili kwanza. Baadaye ndipo wakaniwekea kiraka cha ganda la jicho la mtu aliyekufa akaachia macho yake, Mungu amrehemu popote alipo. Sasa navaa miwani ya plastiki ngumu mchana kutwa na ngao usiku. Majirani waliniita fundi wa kuchomelea. Jicho hilo naona mlango na watu, kusoma ni kwa hili lingine.

Omwana wa Vihiga
Shosho "fundi wa kuchomelea" nimekufa 😂 Mungu akutunze.

Taa ya Jicho
Walichokuambia ndicho chenyewe. Kupasua ni kununua muda tu. Konea ikitoboka tundu dogo, tunaliziba kwa gundi maalumu na lenzi laini juu yake, au tunashonea utando wa kondo la nyuma, au kiraka kama cha Shosh, au konea ya kupandikizwa. Vyote vinaanguka kama kinga haijatulizwa. Na sindano ya steroidi kando ya jicho, ambayo wengine hupenda kuichoma, haifai kwa jicho linalooza. Inaweza kuharakisha kuyeyuka.

Mwalimu Bukembe
Habari za uzi. Mke wangu anatumia haidroksiklorokwini kwa viungo. Fundi wa miwani pale Bungoma akamwambia aache mara moja itampofusha. Ukweli ni upi?

Taa ya Jicho
Mwalimu, asiache kwa neno la fundi wa miwani. Dawa hiyo inaweza kuharibu retina, ile tabaka ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, kweli, na ikiharibu hairudi. Lakini ni jambo la dozi na miaka. Isizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito wake halisi kwa siku: mama wa kilo 60 asivuke miligramu 300. Kwa dozi hiyo, hatari katika miaka 5 ya kwanza iko chini ya asilimia 1, na katika miaka 10 chini ya asilimia 2. Ikishafika miaka 20 ndipo inapanda mpaka kama asilimia 20. Figo zikiwa dhaifu, au akiwa anameza tamoksifeni ya kansa ya titi, hatari inaongezeka. Apimwe macho ndani ya mwaka wa kwanza ili tuwe na picha ya mwanzo, na kuanzia mwaka wa tano apimwe kila mwaka, mapema zaidi kama ana figo. Kipimo ni cha uwanja wa kuona na picha ya tabaka za retina. Kusoma herufi ukutani hakutoshi, kwa sababu herufi atazisoma vizuri mpaka siku ya mwisho.

Mwalimu Bukembe
Ana kilo 52 na anameza 400 kila siku.

Taa ya Jicho
Basi kikomo chake ni 260. Mpigie daktari aliyemwandikia, Jumatatu. Inawezekana kabisa alipewa kabla hajapungua uzito. Daktari anaweza kumshushia mpaka 200 kila siku; aamue yeye.

Kijana wa Kapsabet
Wakuu, shangazi ana baridi yabisi na mtoto wa jicho macho yote. Kuna kambi ya macho ya bure inakuja, wanapasua watu wengi kwa siku. Apange foleni?

Taa ya Jicho
Apange, lakini aseme. Kambi ni nzuri, zimerudishia watu wengi mwanga, ila daktari ana dakika chache na kila mtu, na vidole vya shangazi vinaweza kuwa ndani ya shuka. Jicho la mtu wa baridi yabisi likipasuliwa wakati ugonjwa umechemka, kidonda cha upasuaji chenyewe kinaweza kuanzisha skleraitisi ya kuoza. Lingine ni ukavu. Macho makavu ndiyo matatizo yanayowapata wagonjwa wetu wengi kuliko yote niliyotaja humu. Konea kavu iliyopasuliwa kisha ikapewa yale matone ya kutuliza maumivu, diklofenaki au ketorolaki, inaweza kuyeyuka ndani ya siku chache. Nimeliona moja. Linatoboka kama karatasi iliyolowa.

Amwambie muuguzi wa kwanza, na wa pili, na daktari mwenyewe: mimi nina baridi yabisi. Wakimwambia asubiri miezi michache ugonjwa utulie, asidhani amekataliwa.

Nyar Kibuye
Hilo la ukavu. Mama jicho la kulia halina wekundu ila anasema lina mchanga. Mimi nilidhani ni moshi wa kukaangia omena.

Taa ya Jicho
Moshi unazidisha, lakini muulize kama mdomo nao ni mkavu, kama ugali mkavu haushuki bila maji. Yote mawili yakiwepo, tezi za machozi na mate zimeguswa. Kipimo ni kikaratasi chembamba kinachokunjwa na kuning'inizwa kwenye kope la chini kwa dakika 5. Jicho zuri linalowesha zaidi ya milimita 10. Chini ya 5 ni kavu kweli. Kisha wanatia rangi ya fluoresini na kumulika kwa taa ya buluu. Palipochubuka panawaka kijani, na nimeona konea zilizojaa vidoa vya kijani wakati mgonjwa anadai hana shida.

Machozi ya kununua mara nne kwa siku au zaidi. Akizidi mara nne, atafute yasiyo na dawa ya kuhifadhi, kwa sababu hiyo nayo inachubua. Mafuta ya macho usiku. Yasipotosha kuna vizibo vidogo vya kuziba mfereji unaonyonya machozi, na matone ya saiklosporini. Na jikoni, jiko likae upande upepo unakoelekea na Mama akae unakotoka.

Mama Watatu Mumias
Samahani naingilia. Binti yangu wa miaka 6 goti limevimba miezi, wamesema ni athraitisi ya watoto. Macho yake ni meupe safi. Haya yanamhusu?

Taa ya Jicho
Yanamhusu, na haraka kuliko unavyodhani. Kwa watoto ugonjwa huo huvimbisha ndani ya jicho, yuveitisi, bila wekundu, bila maumivu. Mtoto halalamiki. Apimwe kwa mashine sasa, kisha kila miezi mitatu au kadiri watakavyopanga, hata goti likipona. Usingoje dalili.

Mkulima Njoro
Na gharama? Hizi dawa mnazitaja kama maharagwe.

Shosh wa Bahati
Mjukuu, prednisoloni na methotreksati si ghali, hizo mtu wa kawaida anamudu. Gharama ni nauli, vipimo, na zile sindano za kisasa. Mimi niliandikiwa rituksimabu, mbili, wiki mbili kati yake, kisha baada ya miezi kama sita wanaangalia tena. Tulichanga. Chama cha kanisa, watoto, na ng'ombe mmoja.

Taa ya Jicho
Rituksimabu na adalimumabu zimeokoa macho ambayo zamani tungeyatoa. Lakini zinakuja pale methotreksati na wenzake, azathioprini au maikofenoleti, zimeshindwa, au jicho likiwa linaoza. Etanasepti ni ya jamii ileile ya sindano za viungo, ila kwa jicho hatuipendelei. Kuhusu malipo: tangu 1 Oktoba 2024 bima ya afya ya serikali ni SHA badala ya NHIF, na kama hujasajiliwa piga *147#. Ulipie mchango kabla hujaugua, maana wa biashara ndogo wanalipia mwaka mzima kwa mkupuo. Kabla ya kulazwa uliza ofisi ya SHA ya hospitali hiyo ni nini kinalipiwa na nini ni mfuko wako, wakuandikie.

Nyar Kibuye
Habari njema jamani. Mama amelala usiku kucha! Zambarau imefifia, imebaki waridi. Daktari wa viungo amemrudishia methotreksati miligramu 15 kwa wiki na asidi ya foliki. Ila sasa uso umejaa, majirani sokoni wanamwambia umenenepa, na yeye anataka kuacha prednisoloni kwa sababu "jicho limepona".

Taa ya Jicho
Hajapona, ametulizwa. Akiiacha ghafla, jicho litarudi kwa hasira, na mwili wenyewe umesahau kutengeneza steroidi yake. Anaweza kuanguka, presha ikashuka, akatapika mpaka alazwe. Ishushwe kama alivyoandikiwa, hatua kwa hatua. Uso utarudi. Sukari apime, chumvi apunguze, na presha ya jicho ipimwe kila anaporudi. Maumivu ya usiku yakirudi anaposhushiwa dozi, hiyo ni simu ya siku ileile.

Nyar Kibuye
Nimemsomea, amekubali kwa shingo upande. Swali la mwisho leo. Karatasi imeandikwa methotreksati 15, kila Jumapili. Daktari alisema vidonge sita. Duka la dawa hawakuwa na za kawaida, wamenipa kopo lingine. Nimpe sita vilevile?

Dawa Kaunta
SUBIRI. Dada, soma ubavuni mwa kopo, kila kidonge ni miligramu ngapi?

Nyar Kibuye
Imeandikwa 10.

Dawa Kaunta
Usimpe! Sita alivyosema daktari ni vile vya 2.5. Sita vya 10 ni miligramu 60. Vinafanana rangi, watu wanachanganya. Usianze kuvikata nusu pia. Virudishe na risiti, uombe 2.5, na kama hawana, tafuta kwingine.

Taa ya Jicho
@Dawa Kaunta Mungu akubariki. Nyar Kibuye, Jumapili ni keshokutwa, muda upo. Ameshameza chochote kutoka kopo hilo?

Nyar Kibuye
Hapana, limefungwa bado. Narudisha sasa hivi kabla hawajafunga, nikikosa hapa naenda maduka ya Oginga Odinga Street.

Dawa Kaunta
Ukipata, piga picha ya ubavu wa kopo uweke hapa kabla hajameza.

Nyar Kibuye
Nimepata za 2.5, picha hiyo hapo chini. Mama ameandika JUMAPILI juu ya boksi kwa mkono wake mwenyewe, herufi zimepinda lakini zinasomeka.

Dawa Kaunta
Nimeiona. Ni 2.5, ni sahihi. Sita, Jumapili, mara moja.